Jinsi ya Kuuombea Mfupa Fedha

Umeshuka Kikopey, kituo cha nyama choma karibu na Gilgil, umepimiwa kilo ya mbuzi, umeimaliza kwa ugali na kachumbari. Usiruhusu sinia iondolewe. Mifupa iliyobaki ni utafiti unaosubiri fedha za kuanzia, na hatua zake ni hizi.

1. Tazama meno ya watoto wa huko kwanza. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi itokayo kwenye miamba ya volkano. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi hapo kwa muda mrefu, meno yake huweza kuota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika.

2. Wajue waliotangulia. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilitengeneza zamani vichujio vya mkaa wa mifupa. Mfupa ukichomwa kwa hewa kidogo, hubaki madini yanayonasa floraidi. Ukiungua nusunusu, maji yaliyochujwa hunuka. Ukiungua hadi ukawa mweupe, nguvu ya kunasa hupungua. Basi usijiite mvumbuzi: jopo la kugawa fedha litakunasa kabla ya ukurasa wa pili.

3. Punguza swali. "Kutokomeza floraidi Afrika Mashariki" ni hotuba ya kampeni. Uliza hivi: je, mfupa uliokwisha kupita jikoni Kikopey, na chumvi na mafuta yake, hutoa mkaa mzuri sawa na mfupa mbichi wa buchari? Hilo hujibiwa kwa tanuri, magunia machache na kipimo cha floraidi.

4. Bajeti iwe ya mifupa. Andika ukusanyaji, uchomaji, usagaji, vipimo vya maabara na malipo ya msaidizi. Futa warsha ya hotelini Naivasha. Futa na gari. Matatu za Gilgil zipo.

5. Bisha hodi kwa mpango. Sheria ya Kenya ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa, lakini inachopata ni kidogo mno. Kwa hiyo tafuta mwenzako mwenye maabara. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, si mbali. Chukua leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Na kabla mtu yeyote hajaonjeshwa maji uliyoyachuja, pata kibali cha kamati ya maadili.

6. Jibu likiwa "hapana", litangaze. Fedha za kuanzia zipo ili tujue mapema, kwa gharama ndogo, njia isiyofika. Waeleze wachoma nyama waliokuwekea mifupa na akina mama wanaochota maji. Jibu likiwa "ndiyo", sasa omba fedha kubwa, na uziombe bila haya: watoto wa Gilgil wanastahili maji yasiyowaharibu meno.