Sayansi Imeingia Jikoni

Tangu binti yangu aingie Gredi ya 8, nyumba yetu hapa Nyamira imekuwa maabara, na mgharamiaji ni mimi. Kazi ya nyumbani inadai apange mabadiliko: ya kimaumbile upande huu, ya kikemikali upande ule. Mayai yamekwisha. Sukari nusu imekorogwa majini, nusu imeunguzwa hadi ikawa lami. "Tata, ya majini ni ya kimaumbile," ananifundisha, nami nakwangua sufuria. Mabati yetu nayo, kwa mvua hii isiyojua likizo, ameshayaandika: kutu, kikemikali. Safu ya pesa za mabati mapya haipo.

Hayo ningevumilia. Kinachoniudhi ni kanuni aliyokaririshwa: kitu kikiweza kurudi kilivyokuwa, badiliko ni la kimaumbile, kisipoweza, ni la kikemikali. Aliyeitunga hajafika Tabaka. Pale fundi anachonga kiboko kwenye jiwe, anakisugua kwa msasa na maji, anakipaka nta, na vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Hebu mwambie alirudishe vumbi liwe jiwe! Halirudi ng'o. Na bado ni jiwe lilelile, limesagika tu. Cha kuuliza ni kama kimezaliwa kitu kipya. Kurudi au kutorudi ni shauri lake.

Chai ameiandika yote upande wa kikemikali, eti kwa sababu imekuwa nyeusi. Haraka ya nini? Jani likinyaushwa kiwandani, kwa sehemu kubwa linapunguza maji tu. Likishakatwakatwa ndipo mambo yanapoanza: vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa ndani ya seli vinachanganyika na utomvu, oksijeni ya hewani inaingia kazini, kijani kinakuwa rangi ya shaba, na ladha tunayoijua inaundwa. Kisha joto la kukaushia linavikomesha. Sisi wachumaji tunalipwa kwa kilo za jani bichi, kwa hiyo kemia yote hiyo inafanyika tukiwa tumeshaondoka na vikapu vyetu vitupu.

Halafu ndizi. Mke wangu kaleta za njano, nzuri kwa macho. Kumenya, ndani ngumu. Ndizi ikiachwa hujiivisha yenyewe kwa gesi yake ya ethilini, na wanga wake huwa sukari. Mchuuzi mwenye haraka huifunika na kabidi, ambayo ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini. Ganda linadanganyika mapema, nyama ya ndani haina habari. Binti akaandika: ganda, kikemikali, ndani, bado.

Nilipomfuata muuzaji akaniambia, "Mzee, ngoja kidogo, zitalainika." Mke wangu hakungoja. Alizichemsha na vitunguu na nyanya kama mbichi. Binti akaomba moja ibaki ya kupeleka shuleni.

Nikamnyima.