Mwalimu, Hii Itanisaidia Nini?

Mwalimu wa Historia hapa shuleni anafundisha Vita vya Majimaji wiki nzima, na sijawahi kusikia mtoto akinyoosha kidole kumuuliza vita hivyo vitamsaidia nini maishani. Wa Jiografia anachora volkano ubaoni, anaipaka chaki nyekundu, anaondoka zake kwa amani. Mimi nikiandika x moja tu, hata sijaiwekea alama ya usawa, kidole kiko juu. "Mwalimu, hii itanisaidia nini?"

Ningemwelewa kama angekuwa anaishi pangoni. Anaishi Tunduma! Mji huu umejengwa juu ya hesabu. Toka getini, fuata msururu wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, utawakuta wachenji na vibunda vyao vya kwacha na shilingi. Hao wanagawanya na kuzidisha kichwani huku dereva anapiga kelele, honi zinalia na mvua inanyesha. Nyuma yao kuna mama anayeuza mchele kwa plastiki, anayejua faida ya kila plastiki hadi senti ambazo serikali ilishaacha kuzitumia. Mwezi Januari 2013 Zambia ilipokata sifuri tatu kwenye fedha yake, kwacha 1,000 ya zamani ikawa kwacha 1, na biashara mpakani ikaendelea. Sikumbuki mtu aliyelala chini akisema ubongo wake haujaumbwa kwa ajili ya kugawanya kwa elfu moja.

Sasa mlete mtoto wa mchenji darasani. Kidato cha tatu tuna mada nzima ya viwango, na ndani yake kuna kubadili fedha. Kijana huyu jana jioni amekaa kwenye kiti cha baba yake, akamchenjia dereva wa lori bila kikokotoo, na akabaki na chake. Leo nampa swali hilohilo, ila nimeandika dola na pauni. Anaandika jina lake vizuri sana, anaandika tarehe, anapigia mstari, kisha ukurasa unabaki mweupe mpaka kengele.

Nikimwita mzazi, ndiyo nimejitafutia. "Ticha, usimlaumu mtoto. Hata mimi mathe ilinishinda." Anasema hivyo kifua mbele, kama mtu anayenionyesha mpaka wa shamba la ukoo. Sijawahi kumsikia mtu mzima akijisifu hadharani kwamba hajui kusoma, lakini kutojua hesabu ni sifa unayoweza kuitangaza hata kwenye sherehe ya mahafali ukapigiwa makofi. Na huyohuyo mzazi, kwenye kikao cha mchango wa madawati, ndiye wa kwanza kugundua kwamba jumla iliyosomwa na kamati imezidi kwa shilingi elfu mbili.

Taifa zima tuko hivyo, msidhani nausema mkoa wetu peke yake, huu wa Songwe tuliokatiwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kwa miaka mingi, kati ya watahiniwa watano wa kidato cha nne, wanne hivi wanaanguka hesabu. Na kuanguka kwenyewe ni kazi, maana ukipata 30 kati ya 100 unapewa D na umefaulu. Sababu zinajulikana: mtoto kajifunza kwa Kiswahili miaka saba, Januari anakutana na Kiingereza, darasa limejaa hadi dirishani, walimu wa somo hili tunahesabika, na samahani kwa kutumia neno hilo. Hayo wakubwa wanayazungumza kwenye semina, na chai inakuwepo. Mimi nalalamikia yangu.

La kwanza ni maswali ya vitabuni. "Umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mtoto. Baada ya miaka kumi na miwili utakuwa mara mbili. Tafuta umri wao." Binti mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, shikamoo ikiwa imetangulia, kwa nini mzee huyo asiangalie kitambulisho chake cha NIDA. Nikamwambia hajakipata bado. Darasa zima likakubali, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli kusikika kwenye kipindi changu siku hiyo.

La pili ni mikeka. Nina mwanafunzi wangu wa zamani anayeendesha bodaboda hapa stendi, na uwezekano ni mada aliyoilalia tangu dakika ya kwanza. Leo anazidisha odi za mechi kumi kwa kasi ambayo ingempatia A. Nilimwambia: tuseme kila mechi una uhakika nayo robo tatu, ambayo ni imani kubwa kuliko niliyonayo mimi kwa timu yoyote. Zidisha 0.75 kwa yenyewe mpaka zitimie kumi. Unapata kama 0.056, yaani mikeka mia moja ya namna hiyo, inayokubali ni sita hivi. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Ticha, wewe unahesabu ya kuliwa. Mimi nahesabu ya kula." Nauli akanipunguzia.

Zamani nilikuwa na jibu moja la kumnyamazisha kila mwenye kidole. "Itakusaidia usiibiwe." Jibu zuri, fupi, la kizalendo. Nililitumia mpaka siku niliyolitolea mfano wa lumbesa. Nikasema: gunia la mahindi ni debe sita, mnunuzi anakuja na gunia lake lenye kilemba cha kamba juu, linaingia debe saba, anamlipa mkulima la sita, mkulima angesoma hesabu angejua. Msichana wa dawati la nyuma, kwao ni upande wa Mbozi, akasimama. "Mwalimu, baba anajua." Akaja ubaoni, akachukua chaki mkononi mwangu. Moja chini ya saba, mara mia, akaandika 14.3. "Baba anajua anaibiwa asilimia kumi na nne na kidogo. Na sheria inasema gunia lisizidi kilo mia, anaijua pia. Lakini lori ni la mnunuzi, na mvua zinakuja." Akarudisha chaki, akaenda kukaa.

Nilitafuta la kumjibu mpaka kipindi kikaisha. Tangu hapo nimeacha kuahidi kwamba hesabu inazuia wizi. Inakuonyesha wizi ulivyo, hadi nukta moja ya desimali. Kuuzuia ni idara nyingine, wala haina mwalimu hapa shuleni.

Ndiyo maana sijui nimfanyeje kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu, mchelewaji sugu. Shule inaanza saa moja na nusu. Yeye aliingia saa mbili na nusu, mwalimu wa zamu akamkabidhi fagio na uwanja mzima wa paredi. Kijana akasema hajachelewa, ila anatumia saa ya Zambia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja. Utetezi huo hapa mpakani ni wa kale kuliko shule yenyewe, haujawahi kumwokoa mtu. Mwalimu wa zamu akacheka. Kijana akafungua daftari. Daftari langu, namaanisha la somo langu, mada ya dunia kama tufe.

Akaeleza, mbele ya foleni ya wachelewaji wenzake, kwamba kila longitudo moja ni dakika nne. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya 45, ambayo haigusi nchi yetu hata kwa kidole, inapita kule karibu na Mogadishu. Ya Zambia inafuata ya 30. Tunduma tuko kwenye 33 hivi. Kwa hiyo kwa jua la Mungu linalotuwakia hapa tuliposimama, saa ya Tanzania imetangulia dakika 48, na ya Zambia imechelewa dakika 12 tu. "Kwa hiyo mwalimu, kwa jua, sikuchelewa saa nzima. Nimechelewa dakika kumi na mbili."

Mwalimu wa zamu ni yule wa Historia. Akanigeukia na sura ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Huyu ni wako?"

Nikasema ni wangu, na hesabu yake haina kosa.

"Basi afagie."

Kijana akalipokea fagio bila kinyongo. Akaupima uwanja kwa hatua, akaugawa sehemu tano, akachora mstari kwa kisigino. Kumi na mbili chini ya sitini ni moja ya tano. Akaifagia hiyo vizuri sana, akaliegemeza fagio ukutani, akaingia darasani.