Tuzo ya Jirani

Mimi hupiga udi vibaya. Nalisema mapema ili jirani asihangaike kulisema kwa niaba yangu. Lakini nikishakaa barazani baada ya magharibi, udi mapajani, moyo wangu huwa mweupe pe.

Udi wangu una nyuzi 11: jozi tano, na mmoja mnene unaokaa peke yake. Shingoni hauna vile vyuma vya gitaa vya kukuonyesha pa kubonyeza. Kidole kikiteleza kidogo tu, sauti imeshahamia mtaa wa pili. Wengine wataiita kasoro. Mimi naiita neema. Muziki wa Kiarabu, ambao taarab imechota kwake, una sauti za robo zinazojibanza katikati ya sauti tulizozoea. Basi nikikosa, nafumba macho na kutikisa kichwa taratibu. Asiyejua atadhani ni robo. Anayejua ataaga kwa adabu.

Marafiki hawaishi kuniuliza, "Harusini utapiga lini?" Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mimi kuvuka barabara tu na udi huu watu wananionea huruma. Lakini nani kasema kila apigaye lazima apigie watu? Mbona wacheza bao hawaulizwi kombe la dunia?

Juzi nilikuwa nakaza uzi mwembamba. Funguo za udi ni za mbao, na mbao na unyevu wa Unguja haziivi chungu kimoja: unakaza, inateleza, unakaza tena. Uzi ukakatika paa! ukanichapa kidevuni. Nikajifuta, nikaendelea na zilizobaki, maana wimbo ulikuwa umeshanikolea.

Ndipo akatoka bibi wa nyumba ya pili. Mnajua taarab inavyotunzwa: mtu huinuka na noti yake, akaja mbele kwa madaha, mabega yakisema, akampa mwimbaji. Bibi alikuja vivyo hivyo, kanga begani, noti ya elfu tano juu, hatua hazikosei mdundo ambao mimi mwenyewe sikuwa nao. Nikavimba kichwa. Toka kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kianzishwe mwaka 1905, nadhani hapajatunzwa mtu kwa mapenzi kama yale.

Akainama sikioni. "Pokea, mwanangu. Sasa kapumzike."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Asubuhi nikaenda nayo dukani, nikanunua nyuzi mpya, na mmoja wa akiba.