Aliyeuawa na Nondo

Usiku wa kaskazi, katika kijiji kisicho mbali na msitu wa Kidike, Pemba. Televisheni imezimwa sasa hivi, na ndani kuna mtu bado anapenga kamasi. Juu ya bati amekaa DISHI, kutu imemla upande mmoja. Kwenye msumari wa baraza ananing'inia KIBATARI, hajatiwa mafuta ya taa kwa miaka. Kwenye kizingiti cha dirisha amesahauliwa FLASHI. Mwembeni, kichwa chini, BI POPO anamalizia embe la pili.

BI POPO: Hodi hapo juu. Nani kafiwa?

DISHI: Hakuna aliyefiwa, Bibi. Salama kabisa.

BI POPO: Salama gani? Kilio nimekisikia nikiwa kwenye mshelisheli ng'ambo ya bonde. Nikasema, kama ni msiba nisogee. Penye msiba hakuna anayelinda embe.

FLASHI: Kafa Dean.

BI POPO: Dini?

FLASHI: Dean, Bibi. Lakini hapa ndani wanamwita Dini, na ndiyo iliyoleta balaa. Watoto walipopiga kelele "Dini kafa! Dini kafa!", maalim alikuwa anapita, katoka kusalisha isha. Kaingia kiatu mkononi, anauliza ni nani huyo anayetangaza maneno hayo katika kijiji cha Waislamu. Wakamkalisha wamweleze. Akatazama dakika kumi za mwisho.

BI POPO: Kisha?

FLASHI: Ndiye huyo anayepenga kamasi.

DISHI: Na mimi naomba ieleweke kwamba hicho kitu hakikupita kwangu. Kila mwezi wananilipia kifurushi. Nawaletea mpira, nawaletea tamthiliya za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili safi, vilio vyake vya adabu, watu wamevaa vilemba. Leo wanakwenda kulia kwa kijidudu kisichozidi kidole gumba, kimenunuliwa kwenye banda la muvi mjini Chake Chake!

FLASHI: Na bado mie ni wa nne. Tulikuja flashi nne. Sizoni 15, Bibi, sehemu 327. Imeanza Septemba 2005, imekwisha tarehe 19 Novemba 2020. Huko Marekani inaitwa Supernatural. Ndugu wawili, Dean na Sam Winchester, wanazunguka nchi nzima kwa gari jeusi, Chevrolet Impala ya mwaka 1967, wanawinda mashetani, mizuka, wanyonya damu.

BI POPO: Wanawawinda kwa kitu gani?

FLASHI: Visu, risasi, maneno ya Kilatini. Lakini kubwa lao chumvi. Wanaimwaga mstari mlangoni, shetani havuki.

BI POPO: (anacheka mpaka embe linamponyoka) Chumvi! Labda shetani wa bara huko. Shetani wa kisiwa hiki kazaliwa ufukweni, kaogeshwa maji ya bahari tangu mchanga. Ukimmwagia chumvi mlangoni atakuuliza ndimu iko wapi.

KIBATARI: (kwa sauti kavu) Mwanangu Flashi, hebu nambie. Kijana kapigana na mashetani miaka 15. Kauawa na nani?

FLASHI: Nondo, Babu.

BI POPO: Nondo! Lahaula. Nondo huyu wa kwenye taa? Mbona binamu zangu wale wadogo wa darini wanawala kila magharibi, mia na ziada, bila silaha?

FLASHI: Si mdudu, Bibi. Nondo ya chuma, ya kujengea. Wanapigana na wanyonya damu katika banda moja bovu, Dean anasukumwa kwenye nguzo, kumbe kuna chuma kimetokeza. Kikamwingia mgongoni. Kafia papo hapo, wima, anamuaga mdogo wake.

KIBATARI: Fundi gani aliyeacha nondo imetokeza?

DISHI: Ndivyo alivyouliza maalim! Neno kwa neno. Na mwenye nyumba akamjibu, "Sheikh, hilo si ajabu, tazama hata hapa kwetu." Maana juu ya kichwa changu mimi hapa, nondo nne zimetokeza tangu nyumba ilipojengwa, zinasubiri ghorofa. Kama chuma kilichobaki kinaua mashujaa, mtaa wote wa Machomanne usingebaki na mtu.

BI POPO: Kwa hiyo wamekasirika?

FLASHI: Wamegawanyika. Bibi wa nyumba kalia moja kwa moja, hakusema kitu. Kijana mkubwa kakasirika, anasema mtu aliyetoka kuzimu hai hawezi kufa kifo cha kibarua wa saiti. Binti yeye hana habari na Dean, analia Castiel haonekani.

BI POPO: Huyo naye nani?

FLASHI: Malaika. Amekuwa nao tangu sizoni ya nne. Katika sehemu ya 18 ya sizoni hii ya mwisho anamwambia Dean kuwa anampenda, na hapo hapo anachukuliwa, anapotea. Watu wakangoja sehemu ya 19, hayupo. Ya 20, ya mwisho kabisa, katajwa jina tu.

DISHI: Hapo sasa mniachie mie, kwa sababu nilikuwa angani wakati ule. Dunia nzima iliwaka. Wengine walisema mwisho mzuri, ndugu wamekutana peponi, inatosha. Wengine walisema wameibiwa miaka 15. Wenye kutetea wakasema ni korona. Na kweli, upigaji picha ulisimama Machi 2020 zimebaki sehemu mbili, ukarudi Agosti, watu wamepimwa, hawaruhusiwi kujazana. Kisha likazuka la Kihispania.

BI POPO: Nalo lipi?

DISHI: Kwa Kiingereza, malaika akisema anampenda, Dean anamjibu asifanye hivyo. Sasa ikatoka ile ya Kihispania, ya nchi za Amerika ya Kilatini, na mle Dean anajibu, "Na mimi wewe." Bibi, watu hawakulala! Wakasema mfasiri ndiye mkweli, wenye mali yao wameficha. Wengine wakasema mfasiri mhuni, katia lake. Wiki nzima wanagombana juu ya maneno matatu ya mtu ambaye hata hayumo kwenye picha.

FLASHI: Hayo madogo. Mie sauti niliyobeba ni ya DJ anayetafsiri, kakaa chumbani peke yake na maikrofoni. Yeye Castiel kamfanya mjomba wake Dean. Palipotajwa Mola kwa namna isiyofaa, akasema "hapa ndugu mtazamaji tunasogeza mbele," akasogeza. Mara tatu. Na Dean alipokata roho, DJ akatuliza watu: "Msilie, huyu atarudi, mimi nimeshaona mbele." Wakati mbele hakuna! Ndiyo maana ndani hawajakubaliana mpaka sasa kama mtu kafa au hakufa. Kijana anasema kafa, nimeona. Mama anasema DJ kasema atarudi.

KIBATARI: Na DJ ndiye mwenye Kiswahili.

DISHI: Tena hawa wetu wapole. Mwaka 2019 ilipokwisha Game of Thrones, ile ya madragoni, watu zaidi ya milioni moja na nusu walitia jina kwenye ombi la kutaka sizoni ya mwisho ipigwe upya, na waandishi wenye akili.

BI POPO: Milioni na nusu? Pemba nzima haifiki nusu yao. Na ikapigwa upya?

DISHI: Thubutu.

BI POPO: (kimya kidogo) Basi na mie nina ombi langu. Sitaki milioni. Nataka mtu mmoja aliyesoma.

DISHI: Ombi la nini, Bibi?

BI POPO: La kufutiwa jina. Hao wanyonya damu waliomuua kijana wenu, huko kwao wanachorwa na mabawa ya nani? Yangu. Mie nala embe, fenesi, shelisheli, kungu, nanyonya maua ya msufi. Damu sijaionja ila ya ulimi wangu mwenyewe nikijing'ata. Hiyo ya wageni nasamehe, hawanijui. Lakini hii ya nyumbani! Mzee Kibatari, wewe ulikuwapo. Waeleze watoto.

KIBATARI: Hawa hawajui kitu. Dishi anadhani televisheni imekuja naye. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1974, bara wakingoja miaka ishirini. Lakini hiyo ilikuwa ya wenye umeme. Kijiji hiki kilikuwa na mie. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipowashwa, 2010, ndipo nilipotundikwa msumarini. Kabla ya hapo kila hadithi iliyohadithiwa nyumba hii, nimeimulika mie.

FLASHI: Zilikuwa na sizoni?

KIBATARI: Moja ilikuwa nazo. Wazee walisema ya kwanza ilikuwa 1965, mwaka mmoja baada ya mapinduzi. Niliyoiona mie ni ya 1995, ilianza hapa hapa Pemba, mwezi wa Ramadhani. Ikavuka Unguja. Ikafika Dar es Salaam. Watu wakamwita Popobawa.

BI POPO: Nusu ya jina ni yangu, na nusu ya pili ni bawa langu!

KIBATARI: Anaingia usiku, hapiti mlangoni wala chumvi haimzuii. Anachomfanyia mtu siwezi kukisema mbele ya huyu Flashi.

FLASHI: Babu, mie nimebebeshwa makubwa.

KIBATARI: Hata hivyo sikisemi. Watu waliacha nyumba. Kijiji kizima nje, mikeka imetandikwa uani, moto umekokwa, mie na wenzangu tumepangwa kama tarawehe. Mtu akisinzia anashtuliwa. Na palikuwa na sharti moja: aliyejiwa, asubuhi lazima awaambie watu. Akinyamaza, anarudiwa.

DISHI: (kwa heshima) Subhanallah. Lazima awaambie watu! Hakuna kituo cha televisheni duniani kilichowahi kupata tangazo kama hilo.

KIBATARI: Ndiyo maana Popobawa hakuhitaji dishi. Kila mtu alikuwa DJ. Huyu kamwona ana jicho moja, yule kasikia harufu, yule kasema katumwa na fulani. Oktoba ya mwaka ule kulikuwa na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, basi kila chama kikapewa Popobawa wake. Leo mnagombana Castiel kasema nini. Sisi tuligombana nani kamleta.

FLASHI: Na mwisho wake ulikuwaje? Sehemu ya mwisho?

KIBATARI: Haikupigwa. Watu walianza kulala ndani mmoja mmoja. Hakuna aliyetangaza. Ila Unguja mjini palikuwa na kijana mmoja, mgonjwa wa akili, mgeni, alikwenda kutafuta matibabu. Umati ukasema ndiye. Wakamuua.

(Kimya. Ndani, mtu ameacha kupenga kamasi.)

FLASHI: Huyo je, alirudi?

KIBATARI: Hapakuwa na DJ wa kusema atarudi.

BI POPO: Na miaka ile ile, wanangu, tulikuwa tunakwisha. Sisi popo hawa wakubwa hatuko pengine popote duniani ila Pemba. Wataalamu walipokuja mwishoni mwa miaka ya 80 walitutafuta kama pete iliyoangukia majini. Bunduki, moto, misitu imekatwa. Kwa hiyo fikirini: watu wamelala nje kwa kumuogopa popo, na popo mwenyewe yuko sufuriani, anatiwa bizari.

DISHI: Astaghfirullah, Bibi. Mlipona vipi?

BI POPO: Wanakijiji wa Kidike walikataza tusipigwe. Wengine nao wakafuata. Sasa tumepita elfu ishirini, na mgeni akija kututazama analipa. Wanatuita kwa jina la Mjerumani mmoja, Voeltzkow. Sina ugomvi nalo, halijamtisha mtu yeyote.

DISHI: Basi mmelipwa.

BI POPO: Mwenzako kuzuliwa miaka yote hiyo ukaiita malipo kwa sababu ya kiingilio! Wewe, Dishi, unatazama juu tu. Mie natazama kichwa chini, na nakwambia: huyo bibi aliyelia leo, mwaka 1995 alikuwa msichana. Mzee, alilia?

KIBATARI: Hakulia. Alikaa mkekani hapo chini, kashika tasbihi kwa mkono mmoja na mguu wa mdogo wake kwa mkono wa pili, usiku arubaini. Jicho kavu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia anavyolia.

FLASHI: Kwa Dean?

KIBATARI: Mie nilikuwa msumarini, sikumwona uso.

(Mlango unafunguliwa polepole. Anatoka mtoto wa kiume, miaka saba hivi, anataka kwenda haja na hathubutu. Mkononi ana bakuli la chumvi. Anainama, anamwaga mstari kwenye kizingiti, mwembamba, wa uangalifu, kama alivyofanya Dean. Anauvuka. Anainua macho mwembeni. Mabawa mawili meusi, macho mawili yanang'aa.)

MTOTO: Po... Po... Popobawa! Bibi! Popobawa!

DISHI: Yallah! Sizoni mpya.

BI POPO: Ishaanza. Nihesabieni, hii ya ngapi?

(Nyumba ya pili taa inawaka. Ya tatu. Mlango wa jirani unagongwa, mtu anauliza kuna nini. Kutoka ndani inasikika sauti ya bibi, nzito ya kilio, lakini haina haraka.)

SAUTI YA BIBI: Popobawa gani? Popo huyo, anakula embe. Kojoa urudi ulale.

(Kimya kirefu.)

BI POPO: Kasema nani?

FLASHI: Kasema popo, Bibi.

BI POPO: Bila ya bawa?

FLASHI: Bila ya bawa.

SAUTI YA BIBI: Na hiyo chumvi uizoe yote, mwanaharamu wee, kesho nina pweza wa kupika!

(Mtoto anapiga magoti, anazoa kwa viganja. Mbuzi kamtangulia, keshalamba nusu ya mstari. Taa za majirani zinazimika moja moja. Bi Popo anatazama embe lililoiva kuliko yote, lile lililo karibu na dirisha la bibi. Analiacha. Anakwenda kwa jirani.)