Kilemba cha Ukoka kwa GIMP

Tumeusifu mnazi tangu kuti hadi kumbi. Tumesifu halua, tumesifu jahazi, tumemsifu hata muuza kahawa kwa jinsi anavyogonganisha vikombe. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, haijapata msifu wake. Wanaoitumia huitaja huku wamekunja uso, na wasioitumia hudhani ni kimbilio la waliokosa hela ya Photoshop. Nimeamua kuiondolea aibu hiyo. Ukoka ninao tele, kilemba nakipiga mwenyewe.

Mtukufu husifiwa kwanza kwa nasaba, na nasaba ya GIMP si ya kichochoroni. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuiandika. Mwaka 1996 wakaitoa kwa umma. Mwaka huohuo Larry Ewing akaitumia kumchora Tux, yule pengwini mnene wa Linux. Zana za kutengenezea menyu na vitufe walizozikuta hazikuwaridhisha vijana wale, wakabuni zao wakaziita GTK, na juu ya GTK hiyo ikaja kujengwa GNOME, ambayo ndiyo sura ya kompyuta nyingi za Linux hadi leo. Sasa sikiliza utukufu wenyewe. GTK 3 ilitoka mwaka 2011. GTK 4 ilitoka mwaka 2020. GIMP, iliyoizaa GTK, ilihamia GTK 3 katika toleo lake rasmi mwezi Machi 2025. Mama kafika kumtembelea mwanawe, mwana keshahama nyumba. Wenye pupa husema huko ni kuchelewa. Sisi wengine tuliambiwa tangu utotoni kwamba haraka haraka haina baraka.

Lakini nasaba haiondoi ukuta mchafu nyuma ya picha ya pasipoti. Twende steshenari.

Kuna kijana, kompyuta ya mtumba, foleni ya watu, na mama mmoja anayetaka picha ya mwanawe iwe na mandhari ya bluu kwa ajili ya fomu za shule. Kijana anafungua picha, anashika kifutio, anafuta ukuta ulio nyuma ya mtoto. Alitarajia uwazi, ile miraba ya kijivu inayoonyesha kwamba hapo hapana kitu. Anapata weupe. Anafuta tena: weupe. GIMP haisemi neno. Ina adabu za wazee wa zamani, haimwingilii mtu anapojiaibisha. Inangoja ajue mwenyewe kwamba picha ya JPEG huja bila chaneli ya alfa, yaani bila mahali pa kutunzia habari za uwazi, na kwamba kifutio kwenye leya (tabaka la picha) ya namna hiyo hakina la kufanya ila kupaka ile rangi ya nyuma iliyo kwenye kisanduku cha zana. Dawa ni kubofya jina la leya kwa kitufe cha kulia cha mausi na kuiongezea chaneli ya alfa. Basi, yamekwisha. Programu ambayo ingemwambia hivyo mapema ingemnyima elimu, na yule mama angekosa nafasi ya kukaa chini dakika kumi.

Somo linalofuata ni tamu zaidi. Kijana kachukua brashi apake bluu. Brashi inatembea, rangi haitoki. Anaikuza brashi, rangi haitoki. Anabadilisha rangi, anapuliza mausi, anaanza kumlaumu aliyemuuzia kompyuta. Kumbe muda mfupi uliopita, katika kubofyabofya, aliigusa zana ya kuchagua eneo akazungushia kipande cha pembeni cha pikseli chache tu, kidogo kiasi kwamba jicho halikioni. GIMP imelishika neno lake: amesema kazi ifanyike ndani ya eneo hilo, basi nje yake halitadondoka hata tone. Bonyeza Ctrl+Shift+A, uchaguzi wote unaondoka, bluu inamwagika. Utiifu wa kiwango hicho sijauona ofisini wala kwenye ndoa.

Ikiwa Ctrl+Shift+A haikufaa, usihuzunike, hazina haijaisha. Huenda leya uliyosimamia siyo unayoidhania. Huenda leya ni ndogo kuliko picha yenyewe, na ule mstari wa vidoti vya njano ndio mpaka wake. Ng'ambo ya hapo hupaki kitu mpaka uitanue leya ifikie ukubwa wa picha. Huenda ni GIF, iliyokuja na orodha yake ya rangi zisizozidi 256, na bluu yako haimo. Badilisha modi iwe RGB, kisha uendelee. Au umegusa Tab bila kujua, visanduku vyote vya zana vikatoweka, ukaanza kusoma dua za kufukuza virusi. Gusa Tab tena. Ni kitufe kimoja, na kwa ajili yake mtu anaweza kubeba kompyuta hadi kwa fundi.

Halafu kuna duara. Programu inayoweza kunyoosha picha iliyopinda na kufuta chunusi za bwana harusi ilikaa miaka na miaka bila kitufe cha kuchora duara. Njia ya kuzunguka ipo, na ni ya heshima: chukua zana ya kuchagua duaradufu, anza kuburuta, kisha shikilia Shift ili liwe duara kamili, ukishaachia, nenda kwenye menyu ya kuhariri uamuru mstari upigwe kuzunguka eneo ulilochagua. Walalamishi wamelalamika sana. Mimi nauliza: kwa nchi zenye mafundi wa kufoji mihuri kila kona, programu inayochelewesha duara si inawasaidia polisi bila kulipwa?

Hata hivyo, taji la usumbufu wake wote liko kwenye kuhifadhi. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, Ctrl+S huhifadhi kwa XCF tu, aina ya faili ya GIMP yenyewe. Ukitaka JPEG au PNG huna budi kupita mlango mwingine, Ctrl+Shift+E. Ndiyo maana kadi ya mchango wa harusi hutumwa WhatsApp saa tano usiku ikiwa XCF, na mwenyekiti wa kamati anajibu kwamba haifunguki. Ukijirekebisha, ukatoa JPEG safi, ukaituma, ukapongezwa, ukafunga kazi ukalale, GIMP inakuuliza: una uhakika? Mabadiliko hayajahifadhiwa. Umetoka kuihifadhi sasa hivi! Haikuamini.

Hapa nalazimika kuisifu kwa kweli, na inaniuma. JPEG haina leya. Ukishaitoa, maandishi, picha ya maharusi na maua ya pembeni vimegandamana kuwa kitu kimoja, na kila ukiifungua ukaihariri na kuitoa upya kwa JPEG, ubora unapungua kidogo, mpaka kingo za herufi zinaanza kuota ukungu. Siku mbili baadaye mwenyekiti atakupigia: ukumbi umebadilika, na jina la shangazi limekosewa. Mwenye XCF anafungua, anagusa leya ya maandishi, anaandika upya, anatoa tena. Mwenye JPEG peke yake anapaka rangi juu ya jina la shangazi na kutafuta fonti inayofanana. Wanaosema GIMP ni msumbufu kwa kuitenga milango hiyo miwili hawajawahi kufanya kazi na kamati ya harusi.

Na bei yake? Haikuombi kadi ya benki, haikupachiki nembo yake katikati ya picha, haikuambii kwamba siku zako za majaribio zimekwisha ukiwa katikati ya bango la mkutano. Ni programu huria. Asiyependa jinsi inavyofanya kazi amepewa na msimbo wake autengeneze apendavyo. Na asiyeridhika kabisa airudishe, atarejeshewa kila senti aliyolipa.

Ninachokihofia ni kulainika kwake siku hizi. Zamani, yaani hadi matoleo ya 2.10, ukibandika kipande cha picha hakikutua popote. Kilielea. Ungebofya leya nyingine, isikubali. Ungejaribu kuandika, ikatae. Mpaka ukitie nanga kwa Ctrl+H au ukipe leya yake mwenyewe. Watu wamesahau ahadi za uchumba wao lakini hawajasahau kile kitu kinachoelea. Toleo la 3.0 limekuja, ukibandika inaunda leya mpya moja kwa moja, kana kwamba ni jambo dogo. Na vichujio, ukitia ukungu kwenye picha leo, kesho unaweza kurudi ukaupunguza au ukauondoa, picha ya chini ikiwa salama. Kizazi kinachoanzia hapa kitakuwa cha kudeka.

Kilichonipa moyo ni skripti zake za nyongeza. Nyongeza nyingi ambazo watu walizikusanya kwa miaka, za kuweka fremu na kupunguza ukubwa wa picha mia kwa mpigo, ziliandikwa kwa Python 2. Toleo la 3.0 linataka Python 3, na namna ya kuiita GIMP kutoka ndani ya skripti nayo imebadilishwa. Kwa hiyo ukisasisha leo jioni ukiwa na kazi ya kesho asubuhi, unafungua menyu, unazitafuta, na hazimo. Zinangoja mtu wa kuziandika upya.