Namna ya Kupima Hewa ya Upemba Bila Kutoka Kamina

Umeagizwa ueleze hali ya hewa ya mkoa wa Haut-Lomami wote, na unataka kumaliza kabla bukari haujapoa? Njia ya mkato ipo. Soma kipimajoto kimoja cha Kamina, kisha tangaza kwamba Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu nako ni hivyo hivyo. Kazi imekwisha, na watu wa bonde la Upemba umewadhulumu.

Kamina imekaa juu ya uwanda, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Maji ya ziwa Upemba na ziwa Kisale yako chini ya mita 700. Kwa wastani, kila unaposhuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi kama sita na nusu. Kwa hiyo asubuhi ya Julai, mtu wa Kamina akiwa amejikunja ndani ya sweta, mvuvi wa Kikondja, kando ya Kisale, huwa ameshavua shati. Nyuzi mbili tatu si jambo dogo kwa samaki aliyetoka wavuni na bado hajafika kwenye moshi, na samaki huyo ndiye anayepanda treni kuja kuliwa mjini.

Ukibanwa na dhamiri ukashuka hadi Kisale, chombo chako kiweke juu ya kisiwa cha mafunjo. Ziwa hilo lina visiwa vinavyoelea: mizizi na mabua yamesukana hadi yakabeba wavuvi, vibanda na mafiga yao. Ukikanyaga, ardhi inabonyea na maji yanapenya katikati ya vidole. Ardhi ya namna hiyo haipati moto mchana kama udongo wa ufukweni, kwa kuwa imelowa na majani yake yanatoa mvuke mchana kutwa. Kipimajoto chako kitasoma ziwa, nawe utaandika umesoma nchi kavu. Tena upepo ukivuma, kisiwa huhama. Daftari litasema kituo ni kile kile, ilhali kimeshasogea kwenye maji mengine.

Ufukweni nako kuna mambo yake. Mchana udongo hupata moto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka. Ndiyo maana mawingu ya mvua huweza kusimama upande mmoja wa maji na kuuacha mwingine mkavu. Ziwa Victoria ni shahidi: Bukoba, iliyo upande wa magharibi, hupata mvua karibu maradufu ya Mwanza, na zote zinakunywa ziwa moja. Pepo za kusini-mashariki hubeba unyevu juu ya maji na kuutua magharibi. Na kisiwa kikiwa na milima, tofauti huwa kubwa zaidi. Huko Réunion, Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc palipata milimita 1,825 kwa saa 24, kuliko Mwanza kwa mwaka mzima wa kawaida. Pwani ya magharibi ya kisiwa hicho hicho, nyuma ya milima, inajulikana kwa ukavu.

Kipimamvua kipandishe juu ya paa, mbuzi wasikifikie. Mwaka 1766 daktari William Heberden alifanya hivyo London: kimoja juu ya kanisa la Westminster, kingine juu ya nyumba, cha tatu chini bustanini. Baada ya mwaka, cha kanisani kilikuwa na zaidi kidogo ya nusu ya cha bustanini. Juu upepo ni mkali, na matone hupeperushwa kupita mdomo wa chombo. Kukiweka chini ya mwembe ni kosa lile lile. Kiwe mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wake.

Sanduku la kipimajoto nalo liwe na mlango mmoja tu. Hapa ndipo Kamina, iliyo karibu nyuzi tisa kusini mwa ikweta, inapokukamata. Jua linapita utosini katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Kati ya tarehe hizo, saa sita mchana liko kusini. Miezi iliyobaki liko kaskazini. Mlango mmoja lazima utaangaliwa na jua sehemu ya mwaka, na utakuwa unapima jua badala ya hewa. Milango iwe miwili, ufunguliwe ule uliopewa kivuli.

Sasa nasema bila mzaha na walimu wa Kikondja, Bukama, Kabongo na Kaniama. Mkebe wenye kuta zilizonyooka, rula, uwanja wazi na daftari vinatosha kuanza. Someni kila siku saa mbili asubuhi, mwandike milimita, na mwandike pia mkebe uko wapi: juu ya uwanda, bondeni, ufukweni au kisiwani. Mkulima anayengoja mvua ya kwanza ya kupandia mahindi anahitaji namba ya shamba lake, na Kamina haiwezi kumpa.