Salalah kwa Siku Tatu

Mkaazi wa International City asikabidhiwe ramani. Mtaa wetu huu, ulio pembezoni mwa Dubai kwenye barabara iendayo Hatta, umegawanywa kwa majina ya nchi kumi: Uchina, Ufaransa, Uhispania, Italia, Ugiriki, Uingereza, Urusi, Moroko, Uajemi na Imarati. Mimi nalala Ugiriki. Mkate nanunua Uajemi, simu natengenezea Uhispania, na kinyozi wangu yuko Urusi, ingawa kwao ni Peshawar. Jirani yetu ni Dragon Mart, soko la bidhaa za Kichina lililofunguliwa mwaka 2004 kwa umbo la joka lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na joka hilo tunalitembea kutoka kichwa hadi mkia kwa sababu ya chaja ya dirham kumi. Mtu akishazoea kutoka Urusi hadi Uhispania kwa miguu, tena kwa ndala, akili yake ya kupima masafa huharibika. Mwambie kwamba Salalah, kusini kabisa mwa Oman, iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Atakuuliza: "Tukitoka alfajiri?"

Masafa ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni likizo. Sheria ya kazi ya Imarati humpa mfanyakazi wa kampuni binafsi siku 30 za likizo kwa mwaka akishatimiza mwaka kazini, na siku hizo ukizisoma kwenye mkataba zinapendeza sana. Lakini kwetu sisi wa Afrika Mashariki siku hizo zina wenyewe kabla hazijafika. Kuna harusi ya mdogo wako iliyosogezwa mbele ili ikungoje wewe, au tuseme ukweli, iungoje mfuko wako. Kuna kesi ya kiwanja. Kuna mama anayesema hataki kitu, anataka kukuona tu, kisha anakuonyesha paa linalovuja. Mtu hurudi Dubai amechoka kuliko alivyoondoka, akamshukuru Mungu kwamba kesho yake kuna kazi. Ndiyo maana safari ya starehe huku huibwa kwenye sikukuu.

Mwaka 2025 serikali ilitangaza mapumziko ya Idi al-Fitri kuanzia Jumapili, 30 Machi, hadi Jumanne, 1 Aprili. Ramadhani ikitimia thelathini, na Jumatano inaongezwa. Chumbani kwetu tangazo hilo lilisomwa kwa sauti mara kadhaa, kila msomaji akiikazia ile Jumatano. Usiku huo huo, baada ya tarawehe, kikao kikakaa juu ya mkeka, chai ya karak katikati.

Wajumbe tulikuwa wanne. Mkubwa wetu ni mzee wa Lamu tunayemwita Ami, ambaye yeye alitaka Maskati, kwa sababu ana jamaa zake pale. Wengi wa Waomani wenye asili ya Unguja waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 akawaita waliotawanyika warudi kujenga nchi, hivyo hadi leo unaweza kuingia Maskati ukanunua, ukagombana na ukapatanishwa kwa Kiswahili. Ami alitaka pia Sur, mji wa waunda majahazi, akaone zilikotoka jahazi zilizokuwa zikishuka na kaskazi hadi gati la kwao.

Wa pili ni mpishi wetu, Mtanga. Yeye alitaka Nizwa, kwenye mnada maarufu wa mbuzi wa kila Ijumaa. Tulipomkumbusha kwamba kati ya Jumapili na Jumanne hakuna Ijumaa, alitushutumu kwamba tunamkatisha tamaa. Akaongeza na Jebel Akhdar. Tukamwambia kwamba kule polisi wana kizuizi chini ya mlima na gari lisilokuwa la magurudumu yote manne hurudishwa, na letu la kukodi ni dogo. Akasema tutazungumza nao.

Wa tatu ni Mganda, mlinzi wa jengo moja la Ufaransa, yaani Ufaransa ya hapa. Huyo alitaka Salalah tu. Alikuwa na picha kwenye simu: milima ya kijani, ukungu, maporomoko, ngamia kwenye majani mabichi. Picha zile zilipigwa wakati wa kharifu, msimu wa manyunyu wa kuanzia Juni hadi Septemba. Machi vilima hivyo ni vikavu. Akatazama picha, akatutazama sisi, akasema, "Ssebo, mlima ni mlima."

Wa nne ni mimi, Mmombasa, niliyekuwa na leseni ya Imarati peke yangu, na kwa hiyo sikuwa na kura. Ratiba iliandikwa na Mtanga kwa kalamu mbili za rangi: Adhuhuri Sohar, Magharibi Maskati, Alfajiri Sur, halafu mshale mmoja mrefu mwekundu hadi Salalah. Ilitaja kila mlo. Haikutaja foleni, petroli, haja ndogo wala usingizi wa dereva. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo chenyewe kilikuwa bado hakijalipiwa.

Kuvuka mpaka na gari la kukodi kunataka barua ya mwenye gari inayokuruhusu kulitoa nchini, na bima inayofanya kazi Oman. Tulipewa vyote viwili na kijana mmoja mwenye haraka, aliyekuwa akifunga duka kwenda kufuturu. Tukapokea, tukashukuru, tukaweka kwenye bahasha.

Jumamosi jioni, 29 Machi, Ghuba nzima ikaangalia juu. Wanajimu walikuwa wamekwisha sema kwamba hilali haitaonekana jioni ile, kwa kuwa mwezi mpya ulizaliwa alasiri hiyo hiyo. Imarati ikatangaza kwamba mwezi umeandama na Idi ni kesho. Jumatano yetu ikafa pale pale. Mtanga aliomboleza kwa muda mfupi, kisha akaingia jikoni, akapika sufuria kubwa la pilau la njiani. Simu ya Ami ililia usiku huo: ujumbe wa sauti kutoka kwa mpwa wake wa Maskati. Ami hasikilizi ujumbe wa sauti unaozidi dakika moja. Alisema atamsikiliza uso kwa uso.

Tukaswali Idi, tukala, tukaondoka. Foleni ya Hatta ilitupokea mapema kuliko tulivyotarajia, maana inaonekana kila mtu Dubai alikuwa na mjumbe wake wa Salalah. Upande wa Imarati walikuwa na furaha tupu. Idi mubarak, ndugu, piteni, lipeni ada. Ofisa mmoja akaifungua bahasha yetu na kutulia. Barua iliruhusu gari jeupe. Letu lilikuwa la kijivu.

"Ni vumbi, afande," Mtanga akasema.

Ofisa akacheka, lakini hakupiga muhuri. Duka la magari lilikuwa limefungwa kwa sikukuu, na kijana mwenye haraka alikuwa kwenye sikukuu yake. Alipopokea simu hatimaye, alituma barua mpya yenye rangi sahihi na jina langu limekosewa, ambalo ofisa kwa wema wake aliamua kutoliona. Mshale mwekundu wa Mtanga ulikuwa tayari umefupika kwa mamia ya kilomita.

Upande wa Oman watu walikuwa watulivu zaidi. Hapakuwa na kahawa wala tende. Ofisa aligonga muhuri, akaturudishia pasi zetu, akatuambia kwa upole: "Ramadan kareem."

Tukamwambia Idi mubarak. Akatikisa kichwa. Oman haikuuona mwezi. Kwao leo ni Ramadhani 30, Idi ni kesho, Jumatatu.

Mganda, ambaye ni Mkristo na alikuwa amekaa kimya kwa heshima ya dini za watu, akashindwa kuvumilia. "Bannange! Hii mipaka inarudisha na tarehe?"

Sisi wa pwani hatukupaswa kushangaa. Tumekulia kwenye nyumba ambazo baba anafuata Makka na mama anafuata kadhi, mmoja anakula biriani na mwingine anamtazama. Lakini nyumbani ugomvi wa mwezi humkuta mtu amekaa. Huu ulitukuta njiani tukiwa na sufuria.

Kula hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa kwa sheria ya Oman, na pilau la Mtanga lilikuwa na bizari ya kutosha kujitangaza lenyewe. Mjadala ukaanza Shinas, ukatufikisha Sohar. Ami alisema msafiri ana ruhusa ya kula. Mtanga akasema ruhusa anayo, mahali ndiyo hana. Nilipendekeza tusimame jangwani. Ami akauliza kama ninajua mahali katika pwani ya Batinah ambapo hakuna msikiti unaoonekana. Tulipotia petroli, mhudumu aliinama dirishani, akavuta pumzi, akatutazama kwa huzuni ya mtu aliyebakiwa na saa chache. Tukafunga vioo na kuondoka. Kilichobaki cha safari tulikivuta puani.

Tuliingia Seeb, viungani mwa Maskati, kwa wenyeji wetu, jamaa za Ami, jua likikaribia kuzama. Mama mwenye nyumba, kwa Kiswahili safi cha Unguja, alipoona sufuria likiteremshwa alishika kifua: "Jamani! Mlijuaje kama leo bado tunafuturu?"

"Sisi tuna habari zetu, binti yangu," Ami akajibu, bila kupepesa.

Kesho yake tukala Idi ya pili. Watoto wa nyumba walipanga mstari kudai mkono wa Idi, na wale wa jirani nao wakapewa taarifa. Mkono wa Idi tulikuwa tumekwisha utoa Dubai, lakini mtoto hana habari na tofauti za muandamo. Baba mwenye nyumba akatuonyesha shimo walikofukia shuwa, nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa kwa majani na kuzikwa kwenye makaa. Hufukuliwa baada ya siku moja au mbili. Mtanga aliuliza itatoka lini. "Siku ya tatu ya Idi, inshallah." Siku ya tatu ya Idi yao ilikuwa ile Jumatano yetu marehemu, na Jumatano hiyo supavaiza alitaka kuniona saa moja asubuhi. Jumanne tuliagana na nyama ingali ardhini, Mtanga akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache.

Sur hatukuiona, wala Nizwa. Mganda alipiga picha chini ya mgomba uani kwa wenyeji, akaiandika "Salalah", na kwao Masaka wakampongeza. Ami alikesha siku zote na jamaa zake wakihesabiana waliokufa na waliooa, na hakumkumbusha mtu yeyote habari ya jahazi.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa mapumziko yako ni ya kuibia, chagua mji mmoja wenye watu unaowajua, na usimpe kalamu ya rangi mtu asiyeendesha. Salalah iachie likizo kamili ya Agosti, mwaka ambao hakuna mdogo wako anayeoa. Isome barua ya gari kabla duka halijafungwa. Na kabla ya kupakia sufuria, piga simu uulize kama mwezi umeandama na huko uendako.